Mita Nne na Sentimita Ishirini

Ni Priscille mwenyewe aliyemwita mpimaji. Tuliseme hili mapema, asije mtu baadaye akamtafutia mchawi. Hakuna aliyemsukuma. Alikuwa na hakika, na ukimwona mwalimu wa jiografia ana hakika, mpishe njia.

Alikuwa akifundisha sekondari pale Mudzipela, mtaa wa Bunia, kwa mwaka wa kumi na nne, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa lile la mabara yanayotembea. Wengine hulipitia kwa dakika kumi, wanaandika tarehe mbili ubaoni, basi. Yeye alikuwa na vipande viwili vya katoni ya sabuni, kimoja amekikata umbo la Afrika, kingine Amerika ya Kusini, na kila mwaka aliviunganisha mbele ya darasa mpaka bega la Brazili likaingia sawasawa chini ya kwapa la Afrika. Darasa lilicheka. "Mucheke tu," aliwaambia, "hamujaona bado." Kisha akaleta habari ya mjusi mdogo wa majini ambaye mifupa yake, iliyokwisha kugeuka jiwe, imechimbwa kusini mwa Afrika na imechimbwa Brazili vilevile, na mjusi yule hakuwa na nguvu za kuvuka bahari. Akaleta habari ya miamba inayokatika upande huu na kuendelea upande ule, aina ileile, umri uleule. Akaleta habari ya sakafu ya bahari, ambayo ni changa pale katikati na huzidi kuzeeka kadiri unavyokaribia pwani, kushoto na kulia kwa kiasi kilekile.

Mwishoni alinyoosha mkono dirishani kuelekea mashariki. Kule, baada ya vilima, nchi inakatika na kuteremka hadi Ziwa Albert. "Kasenyi kule, kwenye munapataka samaki, ni ufa," alisema. "Uganda inaenda zake. Milimita mbili kwa mwaka, labda tatu. Na kama hamutaki kunisadiki, iko chuma kwa shamba ya baba yangu. Walikiweka juu ya kupima ile mwendo." Hapo sauti yake ilipanda kidogo, maana hata mwalimu ana haki ya kujivuna. Ni walimu wangapi Ituri wenye ushahidi wa mabara katikati ya mihogo ya baba yao?

Chuma chenyewe kiliwekwa mwaka 2013. Wapimaji walifika kwa gari, pamoja nao fundi mmoja wa Kivu Kaskazini anayeitwa Michée, wakazunguka kilima kile kilichoko ukingoni mwa Mudzipela wakitafuta mwamba wa kutobolea. Mwamba hawakuuona, udongo mwekundu tu, unazama mpaka uchoke kuchimba. Basi wakafanya walichoweza: wakachimba shimo la ukubwa wa ndoo, wakamwaga saruji, wakapanda ndani yake msumari wa shaba wenye alama ya msalaba kichwani. Waliomba mahali ambapo jembe halitapita. Ambroise, baba yake Priscille, na jirani yake Théodore wakawapa kona ya mpaka wao, pale walipokubaliana kwa pamoja kwamba ndipo ulipoanzia ua wa zamani. Wote wawili wakatia sahihi. Michée akawaeleza kwamba kifaa kitasimama juu ya msumari ule siku tatu kikisikiliza satelaiti, na kwamba watarudi baada ya miaka michache waone kilima kimefika wapi.

Watu waliitikia kwa adabu na hawakuamini hata neno moja. Jamani, fikiri. Uko Ituri, umeshakimbia na kurudi, unajua damu iliyomwagika kwa ajili ya ardhi. Halafu watu wanakuja na gari, wanamwaga saruji kwenye kona ya shamba lako, wanakupa karatasi utie sahihi, kisha wanakwambia eti ni kwa sababu dunia inatembea? Watu walitazamana. Ile ilikuwa borne, jiwe la mpaka, na ilikuwa ya Leta, yaani serikali. Mwezi haukwisha kabla kilima kizima hakijaiita "borne ya Leta", na watoto wakawa wanachapwa makofi wakiikalia.

Aliyeifurahia kuliko wote alikuwa Théodore.

Mwaka 2003, wiki ileile watu walipoanza kukimbia vita, mtoto wake wa kwanza alikufa kwa surua. Aliitwa Arielle na alikuwa na miezi saba. Walimzika palepale shambani kwa robo saa, risasi zikisikika bondeni, bila msalaba wala jiwe, kwa hofu kwamba watakaopita wangelifukua kaburi. Alichoondoka nacho Théodore ni kipimo tu: unaanzia kwenye kona ya ua, unaelekeza uso kunakotoka jua, unakwenda hatua sita. Waliporudi, ua ulikuwa umeungua wote. Kila mtu alionyesha mpaka wake kwa kidole na kumbukumbu, na kwa miaka kumi Théodore alikuwa akizurura kwenye majani, hana pa kuanzia. Siku ile saruji ilipomwagwa alimshika Michée mkono kwa mikono yake yote miwili na hakutaka kuuachia.

Yeye hakuishi tena kilimani. Alikuwa fundi cherehani huko Nyakasanza, mtaa mwingine wa mji, na kiwanja chake alikiachia majani. Lakini kila tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, siku ya wafu, alipanda na panga lake, akaweka kisigino kwenye saruji ya borne, akageukia mashariki, akahesabu sita, akafyeka, akasali. Mwaka mmoja alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba kilima kimemchanganya, kwamba hatua zake zimemfikisha mahali asipopafahamu. Mkewe akamjibu kwamba ni uzee. Akakubali, maana majani yalikuwa ya kifuani na miguu haikuwa ile ya zamani.

Ambroise alifariki miaka miwili iliyopita, na nyumba yake ya udongo ikaanguka kwa mvua zilizofuata. Priscille akamchukua mama yake, Mama Alphonsine, wakakaa pamoja kwenye vyumba viwili vya kupanga karibu na kijito. Maji yaliingia chini ya mlango. Kikohozi cha mama kilianza mwezi wa tisa na hakikuondoka, na daktari alisema waziwazi kwamba mvua nyingine kwenye unyevu ule hataivuka. Basi Priscille akapiga moyo konde: atajenga juu, kwenye kiwanja cha baba, nyumba ya matofali, na mama ataingia kabla ya mvua. Mahali pazuri palikuwa pale karibu na borne, ambapo kilima kinalala kidogo. Tena pa kushangaza: pamoja na uzuri wote ule, kwa miaka mingi baba yake hakuwa amepanda kitu pale.

Waashi walichimba msingi siku mbili. Siku ya pili majembe yakagonga visiki. Vilikuwa visiki vyeusi vilivyoungua, vimepangwa mstari mmoja, vinakatiza msingi kutoka upande huu hadi ule. Mtu akampigia Théodore simu. Alikuja kwa pikipiki, akachutama pale muda mrefu, akavigusa kimoja kimoja.

"Mutoto wangu," alimwambia Priscille, "hii njo lupango yetu, ule ua wa zamani. Miye njo nilipanda hii miti na baba yako."

"Papa Théodore, moto ulichoma kilima yote. Visiki iko kila mahali. Borne ile pale."

"Borne naiona. Na visiki naviona." Alisimama taratibu, akishika magoti. "Kama lupango ilikuwa hapa, basi Arielle haiko kule kwenye ninamusaliaka. Iko karibu na musingi yako. Labda ndani. Nakuomba, simamisha kazi."

Hakupaza sauti. Waliopaza ni wengine. Kwa wiki moja kilima kikawa na pande mbili, wa mwalimu na wa fundi, na watu ambao jana walikuwa wanaombana chumvi wakaanza kupitana bila salamu. Mahali pengine ungesema ni ugomvi wa majirani, utakwisha. Pale watu walianza kuangalia mizigo yao iko wapi. Chef wa mtaa akawaita wote wawili haraka, na hapo ndipo Priscille aliposimama na kusema kwamba yuko mtu anayeweza kupima ile borne hadi unene wa ukucha, na kwamba namba zitakazotoka, yeye atazikubali. Théodore akasema naye atazikubali.

Mama Alphonsine alimvuta gauni. "Achana na mambo ya kupima."

"Mama, namba haziogopi mutu."

"Nimekuambia uachane nayo."

Priscille alidhani mama anaihofia nyumba. Alimpapasa bega, akaendelea.

Michée hakuwa mbali. Mambo yalipoharibika Kivu Kaskazini alihamia Bunia na familia yake, na vyombo vyake alivibeba. Alikuja, akasimamisha miguu mitatu ya chuma juu ya ule msumari, akafunga antena, akakaa kivulini mwa mwavuli na termosi ya chai kwa siku tatu. Siku ya nne alimwita Priscille peke yake. Walikaa juu ya mifuko ya saruji, kompyuta kwenye mapaja ya mpimaji.

"Madame, tuanze na ile inafurahisha," alisema. "Tangu deux mille treize, ile mwaka tuliweka chuma, Afrika imetembea. Kaskazini-mashariki, karibu trente centimètres, sentimita makumi tatu. Hii kilima, Bunia yote, Kisangani kule, vyote pamoja. Points zetu zote zinasema vile."

Priscille alicheka kwa furaha. Miaka yote alikuwa akifundisha kwa katoni, na sasa somo lake limepata namba ya nyumbani kwao.

"Ile mwendo ya bara nimeiondoa," Michée akaendelea. "Niliiondoa, njo nikaangalia kinabakia nini. Kwa points zingine kinabakia milimita chache. Kwa hii yenu..." Akamgeuzia kioo. "Quatre mètres vingt. Mashariki moja kwa moja."

Priscille aliisoma ile namba: mita nne na sentimita ishirini. Akaisoma tena.

"Umekosea virgule. Nukta imekaa pabaya."

"Nilisema vile hata miye, mara ya kwanza. Tulikuja hapa deux mille seize, miaka tatu nyuma yake, unakumbuka? Namba ilikuwa hiihii. Mukubwa wetu aliandika point imesumbuliwa, tukaiacha, hatukurudi tena. Tulisema labda ngombe, labda mvua."

"Mvua inaweza kusukuma."

"Mvua inasukuma kufuata muteremuko, madame. Muteremuko unaenda kule, kusini. Na haisukumake bloku, kisha ikaisimamisha wima."

Priscille alihesabu miaka. Kati ya 2013 na 2016 ni mtu mmoja tu aliyekuwa akilima pale, na mtu huyo alikuwa shemasi kanisani, mtu aliyewahi kumrudisha yeye, mtoto wa miaka minane, kilomita mbili kwa miguu kwenda kurudisha yai aliloliokota kwenye uwanja wa watu. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Akamchukia Michée kwa muda, na kompyuta yake, na satelaiti zote zilizoko huko juu. Yeye ndiye aliyeziita.

"Nani anajua?"

"Weye tu."

"Na utasema nini mbele ya chef?"

Michée alifunga kompyuta. "Miye nitatoa namba kama ziko. Siwezi kuibadirisha. Lakini kuelezea kwa nini, ile haiko kazi ya machine. Watakuuliza weye. Weye njo mwalimu."

Alirudi nyumbani, akamkuta mama yake anachambua maharage mlangoni. Aliketi, akaingiza mkono kwenye ungo, akamsaidia. Mama hakumuuliza mpimaji amesema nini. Walimaliza ungo mzima hivyo, na kikohozi cha mama ndicho kilichokuwa kikisikika.

Jumamosi asubuhi watu walikusanyika kilimani, karibu na msingi, chini ya turubai la bluu lililoazimwa kanisani. Walikuwa kama thelathini. Chef alikaa mbele. Théodore alikuja na koti lake la ibada, pamoja na binti yake Séphora, msichana wa chuo sasa, ambaye Priscille alimfundisha miaka miwili. Mama Alphonsine alipewa kiti cha plastiki, akajifunika kichwa kwa kitambaa chake ingawa hakukuwa na baridi. Michée akasimama, akasoma: tangu 2013 borne imesogea mita nne na sentimita ishirini kuelekea mashariki, yaani kuingia kwenye kiwanja cha Théodore. Akakaa.

Manung'uniko yakapita kama upepo kwenye mahindi. Chef alitikisa mkono watu wanyamaze. "Imesongea namna gani?" aliuliza, na macho yote yakamgeukia Priscille.

Kabla hajafungua mdomo, Théodore alisimama.

"Chef, nipatie ruhusa kidogo. Mwalimu, weye njo ulifundisha Séphora yangu. Siku moja alirudi nyumbani na makaratasi, anatuonyesha Afrika na Amerika, namna zilikuwa zimeshikamana. Alituambia dunia inatembeaka, na borne ya papa Ambroise njo mushuhuda. Ulifundisha vile?"

"Ndiyo, papa."

"Basi." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Miye na baba yako tulikimbia pamoja. Bibi yangu, mama ya Arielle, alikuwa hawezi kutembea, alikuwa ametoka kumuzika mutoto. Ambroise njo alimubeba mugongoni mpaka tulivuka muto. Siwezi kusikia kitu mubaya juu ya ule mutu. Siwezi. Niambie tu ni dunia ilitembea. Sema vile, mutoto wangu, miye narudi kwangu, na weye unajenga nyumba ya mama yako."

Priscille alimtazama, akaona kwamba mzee hatanii wala hamtegi. Alikuwa anaomba. Na si yeye peke yake. Chef alishaanza kutikisa kichwa kukubali, na wale wa pande mbili, waliokuja wamekunja sura, walikuwa wanamwangalia kwa matumaini. Sentensi moja tu. Hakuna ambaye angeipinga, maana yeye ndiye aliyewafundisha watoto wao. Nyumba ingesimama kabla ya mvua. Baba angelala kwa heshima yake. Hata amani ingepatikana, na kwa amani pale Ituri watu wamesema uongo mkubwa kuliko ule.

Alikwisha kuvuta pumzi ya kuisema. Lakini alikuwa akimtazama Théodore na lile koti, na akamwona tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, na panga lake, anafyeka mahali ambapo hakuna mtu. Mwaka huu, na mwaka ujao, mpaka afe. Na atakuwa ametumwa pale na mwalimu.

"Apana, papa," alisema. "Dunia inatembea, sikuwadanganya. Lakini inatubeba siye wote pamoja. Borne, visiki, mashamba, nyumba, wafu wetu, vyote vimeenda sentimita makumi tatu, hakuna kimoja kimepita kingine. Na ule ufa wa Kasenyi, kwa mwendo yake, ungeomba miaka elfu mbili juu ya kufikisha mita ine. Hapa imepita miaka kumi na mbili tu. Hii haiko dunia. Hii ni mukono ya mutu." Akaielekezea borne kidole. "Ni mukono ya baba yangu."

Mtu fulani nyuma alisema "Yesu" kwa sauti ya chini. Théodore alibaki amesimama, anamtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake mwenyewe. Priscille alitaka ardhi impasukie palepale alipo.

"Kwanza ilikuwa wapi?" mzee akauliza hatimaye. Hakumuuliza yeye, alimuuliza Michée.

Michée alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Akaenda na kifaa chake hadi mwisho wa ule mstari wa visiki, hatua moja nje ya msingi, akatafuta kidogo, akachomeka kipande cha nondo. Kilikaa sawasawa kwenye mstari wa visiki. "Hapa," alisema. "Na mwendo ya bara nimeihesabu ndani."

Théodore aliweka kisigino kwenye nondo. Akageukia mashariki. Watu wote wakasimama ili waone, na hata waashi wakavua kofia. Alihesabu kwa sauti, kama alivyokuwa akifanya miaka yote alipokuwa peke yake na majani.

"Moja. Mbili. Tatu. Ine. Tano."

Kwenye sita kiatu chake kiligonga saruji ya borne.

Aliangalia chini. Akadhani amekosea. Alirudi kwenye nondo, akaanza tena, polepole zaidi, na kwenye sita kiatu kikagonga saruji palepale. Priscille alikuwa amemtangulia kwa hesabu: mita nne na sentimita ishirini, gawa kwa sita, sentimita sabini. Hatua ya mzee. Aligeuka kumtafuta mama yake, akaona kiti cha plastiki ni kitupu. Mama Alphonsine alikuwa ameketi chini kwenye udongo, miguu ameinyoosha mbele, kama wanawake wanavyoketi msibani.

"Papa Arielle," mama aliita. "Usihesabu tena. Iko pale."

Watu wakageuka kumtazama.

"Ilikuwa siku ya yenga, siku ya Mungu, watu wote kanisani," alisema, akiongea na magoti yake. "Tulitaka shamba kidogo tu. Tulisema, papa Arielle halimi, haitamuuma. Ambroise alichimba shimo mupya, miye nilikuwa napokea udongo. Tulipofika chini tukaona kitenge. Ilikuwa kitenge yangu, ile nilitoa kiunoni siku ile juu ya kumufunga mutoto. Niliijua palepale." Kikohozi kilimshika, akakiacha kipite. "Tukasikia watu wanatoka kanisani, wanapanda na kuimba. Ambroise alichukua bloku, akaiweka pale, akafukia. Alisema tutairudisha yenga ingine. Yenga ingine hakuweza kuigusa. Hakulima pale tena mpaka alikufa. Kila mwaka ulikuja kusali, alikuwa anaingia ndani, anafunga mulango, na miye nasikia namna analia."

"Mama," Priscille alisema.

Chef alikuwa amevua miwani yake na hajui aiweke wapi. Wanawake wawili walianza kulia kwa sauti, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule. Théodore hakuwatazama, wala hakumtazama Mama Alphonsine. Alikuwa anautazama ule msumari wa shaba na alama yake ya msalaba, na saruji iliyolika kidogo pembeni.

"Kila mwaka," alisema. "Kila mwaka naweka kisigino changu hapa, njo naanza kuhesabu."

Alikuwa bado amesimama palepale, viatu vyote viwili ukingoni mwa saruji. Alipotambua hilo aliinua mguu mmoja haraka ili ajiondoe, na hakujua auteremshe wapi. Akabaki hivyo, mguu mmoja juu, mikono ikitafuta hewani, mpaka Séphora alipokuja kumshika.